Unaanza Kusikiliza Jazi? Shika Wimbo Kwanza

Usianze na A Love Supreme. Najua utaambiwa ndiyo ya kuanzia, kwa sababu jina la mpuliza saksafoni John Coltrane ni kubwa na kila orodha ya albamu bora inaitaja. Ni kazi nzito kweli. Lakini aliirekodi Desemba 1964, akiwa ameshapita hatua nyingi ambazo wewe hujazisikia bado. Mgeni akiingilia hapo hufika dakika ya sita, akajiambia hana sikio la jazi, akazima. Wengi nimewaona wakiishia hapo. Sikio wanalo, walichokosa ni kitu cha kushika.

Kitu hicho ni wimbo. Wanajazi wa Marekani wa kati ya miaka ya 1930 na 1960 walichota kwenye hazina moja: nyimbo za maonyesho ya Broadway, nyimbo za filamu, na bluzi. Wimbo uleule huyu aliuimba, yule akaupuliza, mwingine akaupiga kwenye kinanda, na msikilizaji wa enzi hizo alikuwa anaujua tayari kabla bendi haijaanza. Wewe huujui, ndiyo maana unaona kama wanapiga ovyo tu. Kwa hiyo badala ya kuchagua msanii mmoja na kujilazimisha kumaliza albamu zake zote, chagua wimbo mmoja, uufuate kila unakokwenda.

Mimi huwapa wageni "God Bless the Child". Billie Holiday aliutunga pamoja na Arthur Herzog na kuurekodi mwaka 1941. Usikilize mpaka uweze kuupiga mluzi ukiwa unaosha vyombo, na usiende popote kabla ya hapo. Utaona haimbi juu ya pigo. Anabaki nyuma yake kidogo, hana haraka, na bado anafika kwa wakati.

Ukishauzoea, nenda kwa Sonny Rollins, albamu The Bridge ya 1962. Hapo hakuna mwimbaji wala piano, kuna saksafoni ya tena, gitaa la Jim Hall, besi na dramu. Rollins alikuwa ameyaacha majukwaa tangu 1959, akawa anakwenda kufanya mazoezi juu ya daraja la Williamsburg, New York, na albamu ikapata jina kutokana na daraja hilo. Sikiliza ukiwa na sauti ya Billie kichwani. Mistari ile ile ipo, ila Rollins anaivuta, anaikata, anaacha mahali patupu ambapo ulitegemea neno. Gitaa la Hall halijazi pengo hilo lote, na ndiyo raha yake.

Kisha chukua Never Let Me Go ya Stanley Turrentine, iliyorekodiwa 1963, mkewe Shirley Scott akiwa kwenye kinanda cha umeme cha Hammond. Wimbo ni huohuo, saksafoni ni tena hiyohiyo, lakini chini yake sasa pamejaa. Kinanda hakiishiwi pumzi: sauti ikibonyezwa inabaki hapo mpaka kidole kiondoke. Turrentine anaegemea juu yake, anapuliza kwa sauti pana yenye bluzi ndani, hana wasiwasi wa kimya. Ukiweza kusikia tofauti ya hizo tatu, umeshajifunza zaidi ya mtu aliyepitia albamu hamsini akiwa anachati. Na kama unataka kurudia zoezi, The Bridge na Never Let Me Go zina wimbo mwingine wa pamoja, "Without a Song".

Nasisitiza kuanza na sauti ya mtu, hata kama Kiingereza hakikupandi. Pumzi ya mwimbaji inakuonyesha sentensi inaanzia wapi na kuishia wapi, na wapuliza saksafoni wenyewe walilijua hilo. Dexter Gordon alikuwa na tabia ya kusema maneno ya wimbo jukwaani kabla ya kuupuliza, hasa zile nyimbo za taratibu. Rekodi za Billie Holiday za 1937, zile ambazo Lester Young anampulizia saksafoni ya tena, ndipo utakaposikia jambo hili kwa karibu kabisa. Kila moja ina dakika tatu hivi kwa sababu santuri za wakati huo hazikuchukua zaidi. Young hapigi kelele nyuma yake. Anaweka kishazi kifupi mwimbaji anapovuta pumzi, kisha anampisha. Yeye ndiye aliyempa Billie jina la Lady Day, naye Billie akamwita Prez, yaani Rais.

Kwa albamu nzima ya kuimba, anza na Ella and Louis ya 1956. Ella Fitzgerald ana sauti safi, Louis Armstrong ana ile yake ya mkwaruzo, na nyuma yao wapo Oscar Peterson na wenzake, pamoja na Buddy Rich kwenye dramu akiwa mpole kuliko kawaida yake. Halafu albamu ya Sarah Vaughan na Clifford Brown, iliyorekodiwa 1954. Hii ni ya kusikiliza kwa makini zaidi, kwa sababu tarumbeta ya Brown nayo inaimba, na Vaughan anacheza na sauti yake kama mpulizaji. Brown alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1956 akiwa na miaka 25, na kila nikiirudia nashangaa kijana huyo alivyokuwa ametulia. Lady in Satin ya Billie Holiday, ya 1958, iweke kando kwa muda. Sauti imechoka, ala za nyuzi ni nyingi, na asiyemjua Billie wa 1937 hatajua amepoteza nini na amebakiza nini.

Ukitaka kuona mpaka kati ya kuimba na kupuliza unavyofutika, tafuta Ella akiwa Berlin mwaka 1960. Katikati ya "Mack the Knife" anasahau maneno, anatunga mengine papo hapo, anatania hadharani kwamba ameyasahau, na wimbo hausimami. Kisha sikia Rollins akiupiga wimbo huohuo kwenye Saxophone Colossus ya 1956, ambako umeandikwa "Moritat". Albamu hiyo ina nyimbo tano tu na hakuna ya kurukwa. Ya kwanza, "St. Thomas", ni kalipso, inachezeka, na ni mlango mzuri kwa mtu aliyelelewa na muziki wa kucheza.

Kwa kweli aliyekulia kwenye muziki wa dansi ana faida asiyoijua. Kama ulizoea Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, au rumba ya Kinshasa yenye sebene ndefu, sikio lako limeshazoea kusubiri: mwimbaji amemaliza, sasa ala inazungumza, na wewe huoni kama wimbo umepotea. Katika jazi utaratibu wa kawaida hauko mbali na huo. Wimbo unapigwa mara moja, kila mpigaji anachukua zamu yake akizunguka juu ya umbo lilelile, kisha wimbo unarudi. Kinachobadilika ni kwamba zamu hizo ndizo kiini.

Kwenye saksafoni anza na tena, kwa sababu iko karibu na sauti ya mwanamume anayeongea. Alto ipo juu zaidi, soprano juu zaidi ya hiyo, baritoni chini. Usihangaike na kasi. Jifunze kwanza kutofautisha watu kwa sauti: Coleman Hawkins ni mzito na mpana, Lester Young ni mwepesi, Ben Webster kwenye nyimbo za taratibu unasikia hewa ikitoka pembeni ya mdomo wake. Getz/Gilberto ya 1964, ya mpuliza tena Stan Getz na mwimbaji João Gilberto, bila shaka umeshaisikia hotelini bila kujua jina lake. Kwa Coltrane, mlango wako ni albamu aliyofanya na mwimbaji Johnny Hartman mwaka 1963: nyimbo sita, nusu saa hivi, zote za taratibu. Wageni wakiniambia Coltrane anawachosha, huwarudisha hapo. Hartman anaimba kwa sauti nzito bila kujionyesha, na Coltrane anaupiga wimbo kama mtu anayeheshimu maneno yake.

Sasa kinanda, ambacho wageni wengi hukiruka kwa sababu kinawakumbusha ibada. Hawajakosea sana. Laurens Hammond alikitengeneza Chicago katika miaka ya 1930, na makanisa yasiyomudu kinanda kikubwa cha mabomba yalikuwa miongoni mwa wateja wake. Modeli iliyopendwa na wanajazi, B-3, ni ya miaka ya 1950. Ina safu mbili za vibonye, 61 kila moja, na pedali 25 za miguu. Ndani yake magurudumu ya chuma yanazunguka kuzalisha sauti, na juu kuna vijiti vya kuvuta vya kuichanganya, tisa kwa seti. Jimmy Smith, mpiga kinanda mashuhuri wa jazi, alizoea kuvuta vitatu vya kwanza mpaka mwisho na kuviacha vingine ndani. Ule mlio mdogo unaousikia kidole kinapogusa kibonye ulikuwa kasoro ambayo watengenezaji walitaka kuiondoa, lakini wapigaji waliupenda. Mtikisiko wa sauti unatoka kwenye spika ya Leslie, ambayo pembe yake inazunguka ndani ya kabati. Uzito wa kinanda chenyewe ni zaidi ya kilo 150, na husimuliwa kwamba Smith alinunua gari la kubebea maiti ili kukisafirishia.

Albamu ya kuanzia ni Back at the Chicken Shack. Wapo wanne tu: Smith, Turrentine kwenye tena, Kenny Burrell kwenye gitaa, Donald Bailey kwenye dramu. Mpiga besi hayupo. Mara ya kwanza unapousikiliza wimbo wenye jina la albamu, sahau kila kitu na ufuate besi peke yake, ukikumbuka kwamba ni mkono wa kushoto wa Smith, na mguu unagusa pedali kuipa sauti makali. Mkono wa kulia wakati huohuo unafanya kazi nyingine kabisa. Mara ya pili, hesabu. Ni bluzi: mapigo manne, mara 12, kisha duara linaanza upya. Utapotea, ni kawaida. Acha kuhesabu, subiri mpaka usikie sauti "imerudi nyumbani", anza tena na moja. Ukishaweza kuhesabu hivyo bila kutumia vidole, nusu ya albamu za kinanda zimekufungukia, kwa sababu wengi wao walipenda bluzi.

Hapa spika ya simu itakudanganya. Besi ya Hammond haipiti humo, utakachosikia ni mkono wa kulia tu, halafu utasema kinanda kina mlio mwembamba. Tumia hedifoni, na uvae pande zote mbili: santuri nyingi za stereo za miaka hiyo zimetenga ala, huyu kushoto na yule kulia, kwa hiyo sikio moja litakunyima nusu ya bendi.

Jambo jingine dogo linalowachosha watu bure ni nyimbo za nyongeza. Kwenye programu za muziki, albamu iliyotoka na nyimbo tano siku hizi ina tisa, na nne za mwisho ni marudio yaliyoachwa studio. Hizo ni za mtafiti. Angalia orodha ya santuri ya awali, uishie hapo. Angalia na tarehe, maana mwaka wa kutoka si lazima uwe wa kurekodi: Back at the Chicken Shack ilirekodiwa 1960, ikatoka 1963.

Na soma majina ya wapigaji, hasa wa dramu na besi, ambao programu nyingi hazikuonyeshi. Elvin Jones ndiye anayempigia Hartman kwa brashi, taratibu kabisa. Ndiye huyohuyo aliye kwenye Unity ya mpiga kinanda Larry Young, iliyorekodiwa Novemba 1965, albamu ya kinanda iliyoachana na njia ya Smith. Hakuna gitaa, bluzi haiko mbele, na Woody Shaw kwenye tarumbeta na Joe Henderson kwenye tena wanapuliza mambo magumu. Usiiguse mpaka Chicken Shack uwe umeizoea. Ukifika, ruka moja kwa moja hadi "Monk's Dream". Wengine wote wametoka, wamebaki Young na Jones peke yao, kinanda na dramu, na Young anashika besi, wimbo na kila kilicho katikati.