Jibu: Tovuti ya masomo inagoma kufunguka Uvinza

Mwalimu, umeuliza kwa nini tovuti ya masomo mliyoanzisha shule zilipofungwa Machi 2020 inafunguka Kigoma mjini lakini inakwama wilayani Uvinza. Chanzo ni uzito. Ukurasa wa megabaiti 3 kwenye mtandao wa kilobiti 400 kwa sekunde (baiti moja ni biti 8) unachukua dakika nzima, na mwanafunzi hasubiri dakika nzima.

Anza na picha, ndizo zinazobeba mzigo. Picha ya ubao iliyopigwa kwa simu ina megabaiti 3 hadi 5. Ipunguze iwe na upana wa pikseli 800, uihifadhi kwa WebP, aina ya faili nyepesi ya picha, ubora wa 70. Mara nyingi itashuka chini ya kilobaiti 100, na maandishi bado yatasomeka. Video ondoa kabisa. Sauti ya MP3, mono (mkondo mmoja wa sauti), kilobiti 32 kwa sekunde, inatosha: somo la nusu saa ni megabaiti 7 na kidogo.

Kisha iambie seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, iruhusu simu kutunza picha kwa sekunde 31536000, yaani mwaka mmoja, ili bando lisiliwe mara mbili. Hapa wengi wanakosea: ukibadilisha picha bila kubadilisha jina la faili, mwanafunzi ataendelea kuona ile ya zamani. Andika somo3-v2, somo3-v3.

Na tafadhali, ile orodha ya majina ya watoto na namba za wazazi iliyoko kwenye tovuti iondoeni leo hii. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hilo ni suala la kisheria, na watoto wanastahili ulinzi huo.