Moshi wa betri kuukuu: nani atawajibika?

SWALI: Mume wangu anafanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha betri za magari hapa Mombasa, nasi tunaishi nyuma ya ukuta wake. Usiku moshi unatukaba koo, na mwanetu wa miaka mitatu haishi kulia tumbo. Mzee wa mtaa anasema bila cheti cha daktari hatuna kesi. Ni kweli? Na ile pakiti ya maziwa wanayopewa kila zamu, inasafisha sumu?
— Mama Mikindani

JIBU: Dada, maziwa hayazuii risasi, ile metali yenye sumu iliyomo ndani ya betri, kuingia mwilini. Ni njia rahisi ya mwajiri kukwepa gharama ya vinyonya-moshi na barakoa zenye kichujio.

Cheti nacho si sharti. Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinakuruhusu kwenda mahakamani haki yako ya mazingira safi inapotishiwa, bila kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia.

Hata hivyo, mpime mtoto, tena mapema: risasi hupungua kwenye damu ndani ya wiki kadhaa huku ikijificha mifupani kwa miaka. Damu itolewe kwenye mshipa. Ya kidole huchafuliwa na vumbi la mkononi na kutoa jibu la uongo. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita. Kwa mtoto, ikifika 45 ni hospitali, akapewe dawa ya kuitoa risasi mwilini. Dawa haitafaa akirudi kwenye vumbi lilelile, kwa hiyo baba aoge na kuacha nguo na viatu vya kazi hukohuko kiwandani.

Sasa serikali. Hapo jirani, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kama hicho kilianza kuyeyusha betri mwaka 2007. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, ikatwishwa asilimia 40, fungu kubwa kuliko la kiwanda chenyewe. Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Malalamiko mengi hufia barazani kwa kuwa hayakuandikwa. Iandikieni NEMA barua, mkitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, muombe nakala za leseni ya tathmini ya athari za mazingira, ripoti za ukaguzi wa kila mwaka, vipimo vya moshi, na amri zozote kiwanda kilizopewa. Muda wa kujibu ni siku 21, lakini habari inayohusu uhai wa mtu ni saa 48: elezeni wazi kwamba watoto wanavuta moshi huo. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, nendeni kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, kabla siku 30 hazijapita.

SWALI: Tuko 26 kiwandani. Nikilalamika nitafutwa?
— Fundi wa tanuri

JIBU: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakataza kumwadhibu anayelalamika. Lakini usiende peke yako. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, kamati ya usalama ni lazima, na nusu yake muwe nyinyi. Kama haipo, hilo peke yake ni kosa: iandikieni Idara ya Usalama na Afya Kazini, wote mtie sahihi.