Wadogo zangu mliotua Bandung, kabla hamjashuka ngazi za Kampung Naga

Jumatano iliyopita nimewasindikiza wawili Kampung Naga, kile kijiji cha mila cha Wasunda huku Java Magharibi, Indonesia, zile ngazi mia nne na ushee ndo kwanza tumezimaliza, magoti bado yanatetemeka, mmoja keshatoa daftari anamuuliza mzee asili ya mila zao. Jumatano! Jumanne, Jumatano na Jumamosi mila hazisimuliwi pale, ni mwiko, na niliwaambia kwenye elf (kibasi) toka mji wa Garut ila masikio yalikuwa kwenye simu. Haya, naandika.

1. Jazeni chaji mjini, umeme wenyewe waliukataa.

2. Msitu wao haukanyagwi, Bumi Ageung, nyumba yao takatifu, haipigwi picha. Usibembeleze.

3. Lugha. Hapa nakaa kidogo maana ndo nilipojivua nguo. Mwaka wangu wa kwanza Kisunda nilifundishwa na washkaji wa kosan (nyumba ya vyumba vya kupanga), wao kwa wao ni maneh na sia (wewe), dahar (kula), nikameza yote nikajiona mwenyeji. Basi mzee katukaribisha, tumekaa chini, wali, lalab (majani mabichi), sambal (pilipili ya kusaga), nami nikaona nisitoke bila kuonyesha ujuzi, nikamgeukia kwa sauti kabisa: "Maneh geus dahar?" Kimya. Mkewe akainamia kapu la wali kama vile kadondosha pete humo. Mzee akatabasamu, "Parantos, Jang" (tayari, kijana). Mi nikajua nimepatia, nikachomekea na sia! Mwenzangu Msunda alinikanyaga mguu hadi leo nausikia. Kwenye ngazi wakati wa kupanda ndo akanifafanulia: dahar ni ya rika lako, mzee ni tuang, maneh humwambii aliyekuzidi umri, na sia ni ya watu wanaotafutana ugomvi. Yani babu wa watu, kanilisha, badala ya shikamoo nimemtupia "we, ushabugia?" Nilirudi baada ya wiki mbili na kahawa na sukari, "Hapunten, Bapa, parantos tuang?" (samahani baba, umeshakula?). Akacheka mpaka akashika nguzo, kumbe kijiji kizima walishahadithiana.

4. Ukipita mbele ya waliokaa inama, mkono wa kulia chini, sema punten (samahani, napita). Mkono wa kushoto sidhani kama kuna aliyelelewa kwetu wa kumfundisha.

Na yule wa daftari, mzee hakumkatalia, alimpeleka bwawani akamweleza habari za samaki nusu saa nzima. Dogo kaandika kurasa tatu, anadhani ndo mila.