Kupika kambini Matema na mtoto wa miaka 2

Dada, kwa kambi ya siku tatu ufukweni Matema, Kyela, kwenye Ziwa Nyasa, na mtoto wa miaka 2, usihangaike na mtungi wa gesi. Beba jiko la mkaa, sufuria mbili na chupa kubwa ya chai. Hiyo chupa ndiyo mkombozi: uji wa lishe pika mara moja alfajiri akiwa bado amelala, ujaze, hadi saa nne bado wa moto. Mchele usibebe, uko Kyela!

Samaki kwa wavuvi asubuhi, ila mtoto mpe kambale. Mbasa ni mtamu, lakini vile vimiiba vyake vyembamba utavitoa kwa vidole hadi wali upoe. Usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wakaange wakauke, mle ninyi.

Maji ya ziwa yanaonekana safi kama kioo. Chemsha hata ya kusukutulia.

Jiko liweke nyuma ya hema, pasipo na upepo, na baba mtu akae na mtoto. Wangu nilimpa mwiko na sufuria tupu, "akapika" mchanga hadi ugali ukaiva. Tukalazimishwa kuuonja.