Usinunue ua kwa jina la sokoni

Mama yangu, kule Tukuyu, ana lili nyeupe nyuma ya bafu la nje, pale maji ya kuogea yanapotokea. Hajawahi kuziwekea samadi wala kuzipalilia, na bado zinachanua mpaka kanisani wanatuma watoto waje kuzikata za madhabahuni. Kwa hiyo nilipohamia Mbeya mjini na kupata kiwanja chenye nafasi ya maua, kitu cha kwanza nilichotafuta ni lili nyeupe. Dada mmoja anayeuza miche kando ya barabara akaniambia anazo, "nyeupe kabisa dada yangu, zile za harusi." Akanifungia matunguu kumi kwenye mfuko wa khaki. Nikalipa, nikaenda kuyafukia nyuma ya bafu, kama mama.

Wiki tatu, kimya. Ya nne nikachimbua moja kwa ncha ya panga. Lilikuwa limeachana vipande vipande, magamba yanateleza kama sabuni iliyolowa, na harufu ni ile ya kitunguu kilichosahaulika chini ya gunia. Nikachimbua mengine tisa. Yote hivyo hivyo.

Nilimlaumu yule dada karibu mwaka mzima, na nilimwonea. Alichoniuzia kilikuwa lili kweli, tena lili kuliko ya mama. Jina lake la kitaalamu ni Lilium longiflorum, asili yake visiwa vya kusini mwa Japani na Taiwan, na tunguu lake linataka udongo unaopitisha maji haraka. Ukiliweka kwenye tope linaoza. Ya mama ni Zantedeschia aethiopica, ambayo si lili hata kidogo. Iko kwenye familia moja na gimbi.

Niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Gimbi! Kila mtoto aliyekulia Rungwe anajua magimbi yanapandwa wapi: bondeni, penye unyevu, kando ya mfereji. Na ukishajua ni ndugu, unaanza kuona mfanano uliokuwa mbele ya macho siku zote. Jani pana lenye umbo la moyo au mshale, bua lenye maji, na ule utomvu unaowasha. Gimbi bichi linawasha mdomoni kwa sababu ya chembe ndogo sana zenye ncha kama sindano, na lili ya mama inazo hizo hizo, kwa hiyo mtoto mdogo asiachwe aitafune. Kama ningeambiwa siku ile "hii ni jamaa ya gimbi, na hii nyingine ni jamaa ya mbali", nisingepoteza hela.

Tangu hapo nina kanuni moja kabla ya kununua mche wowote: jina la sokoni halinitoshi. Nataka jina la kitaalamu, lile la maneno mawili ya Kilatini. Najua watu wanaliona la wasomi wa kilimo wa Uyole na Morogoro, lakini sisi watu wa huku tunapaswa kulielewa kirahisi kuliko wengine. Ukisikia jina la mtu linaanza na Mwa-, hujauliza mengi, umeshaanza kufikiria Rungwe au Kyela. Jina la mmea lina kazi ya namna hiyo. Neno la kwanza, lenye herufi kubwa, ni jina la ukoo. La pili ndilo linalomtenga huyu na ndugu zake. Utaratibu huo uliwekwa na Carl Linnaeus, Mswidi, kwenye kitabu chake cha mwaka 1753. Kabla yake mmea mmoja ungeweza kuitwa kwa sentensi nzima ya Kilatini, na kila mtaalamu na sentensi yake.

Neno la pili mara nyingi lina habari ndani. Macrophylla ni majani makubwa. Sinensis ni wa China, japonica ni wa Japani. Officinalis ni mmea uliokuwa ukiuzwa kwenye maduka ya dawa. Lakini usiliamini kipofu. Aethiopica ya ile lili ya mama haina maana kwamba ilitoka Ethiopia. Wazungu wa zamani waliita hivyo sehemu yoyote ya Afrika wasiyoijua vizuri, na mmea wenyewe ni wa Afrika Kusini na Lesotho. Kwa hiyo jina linakupa mlango wa kuingilia. Ukishaingia, kazi inabaki kuuliza: kwao ni wapi, na mvua ya kwao inanyesha lini?

Hilo la mvua ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa, na sasa ndilo ninaloliangalia kwanza. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Inaanza Novemba hivi, inakwisha Aprili au Mei, na inanyesha miezi ya joto. Kisha kinakuja kipupwe, Juni na Julai, baridi kavu ya kukausha midomo. Mmea ambao kwao ni hivyo hivyo utakuja Mbeya na kujiona uko nyumbani. Na unajua wapi ni hivyo? Nyanda za juu za Mexico. Huko pia mvua ni ya miezi ya joto na baridi yake ni kavu.

Ndiyo maana dalia zinatupenda. Dahlia ni ua la Mexico, wamelifanya ua la taifa, na jina limetokana na Anders Dahl, mwanafunzi wa yule yule Linnaeus. Mimi nazipanda mvua za kwanza za Novemba zikishalowesha udongo vizuri. Mvua ikikata na mashina yakikauka, sizimwagilii tena mpaka Novemba nyingine. Jirani yangu aliyekuwa akizihurumia na kuzimwagilia Julai alikuta viazi vyake, ile mizizi minene ya dalia, vimeoza.

Na hapa kwenye viazi vya dalia kuna mtego unaowanasa watu wa Mbeya hasa, kwa sababu tumezoea viazi mviringo. Kiazi mviringo kina macho kila upande. Ukikikata vipande, kila kipande chenye jicho kitaota. Kiazi cha dalia hakina jicho mwilini. Macho yako shingoni tu, pale kinapoungana na shina la mwaka jana. Ukikivunja shingo, au ukikichomoa bila kipande cha shina, umebaki na kiazi kizuri, kinene, kitakachokaa ardhini miezi bila kutoa kitu. Mwaka wangu wa pili nilimgawia shemeji yangu wa Iringa viazi vinane nilivyovikata kwa ustadi kabisa kama mbegu za viazi. Mpaka leo ananitania. Siku hizi nasubiri macho yaanze kuvimba, yanaonekana kama vipele vyekundu, ndipo nachukua kisu kikali na kupasua shina lenyewe, kila kiazi kiondoke na kipande chake.

Kwenye kundi hilo la Mexico yamo pia yale maua ya kosmosi na yale ya njano na machungwa, Tagetes erecta, ambayo Waingereza wanayaita ya Kiafrika bila sababu ya maana. Ndugu yake mnamjua, ni bangi mwitu inayotusumbua mashambani, Tagetes minuta, yeye wa Amerika Kusini. Vunja jani la kila mmoja unuse, utakubali ni ukoo mmoja. Minuta ni "kidogo". Mmea wenyewe unampita mtu urefu, kwa hiyo nadhani aliyeupa jina alikuwa anaangalia ua tu. Hayo yote mwaga mbegu Novemba, nenda kafanye mambo mengine.

Sasa geuza. Rozimari kwao ni pwani za Bahari ya Mediterania, ambako mvua ni ya wakati wa baridi na kiangazi chake ni cha jua kali na ukavu. Kwetu inapata kinyume: inaloweshwa joto likiwa limepanda. Nimeua rozimari tatu, zote Februari. Majani yanaanza kuwa meusi kutoka chini, unadhani inataka maji, unaongeza, ndiyo unaimaliza. Ya nne ipo hai kwa sababu iko kwenye ndoo ya rangi niliyoitoboa chini, nusu mchanga wa mtoni nusu udongo, imekaa chini ya upenuo mvua isikoifikia. Kipandikizi nilichukua ncha changa ya sentimita kumi hivi, nikaondoa majani ya chini, nikachomeka kwenye mchanga. Na ukiitafuta kwenye vitabu utaikuta kwa majina mawili: Rosmarinus officinalis, na jipya, Salvia rosmarinus, baada ya wataalamu kuihamishia ukoo mwingine. Mambo hayo hutokea. Yaandike yote mawili.

Utaniuliza, mbona pareto ni ya huko huko Mediterania, pwani ya Kroatia, na Makete inastawi? Swali zuri, na ndilo linalonizuia nisiifanye kanuni yangu kuwa amri. Pareto inahitaji baridi ili itunge maua. Makete baridi ipo, na mteremko unaondoa maji haraka. Shuka nayo kwenye joto, utapata majani mazuri bila ua la kuvuna. Kwa hiyo mvua si kila kitu. Lakini angalia kwamba hata pareto haivumilii maji yanayotuama.

Haidrenjia nimeiacha mpaka hapa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo iliyonigombanisha na mama. Hydrangea macrophylla, asili Japani. Nilikata pingili kwenye kichaka chake cha buluu, ile buluu ya sare za shule, nikaja kupanda Mbeya kando ya ukuta uliotoka kupigwa plasta. Ikashika vizuri. Ilipochanua ikatoa maua ya rangi ya waridi. Mama alipokuja kunitembelea akazunguka kile kichaka mara mbili, akasema, "Mwanangu, hili si la kwangu. Umechukua kwa nani?" Nikamwambia ni lake. Akasema ua haliwezi kusahau kwao.

Lilikuwa lake. Haidrenjia hii inabadili rangi kufuatana na udongo. Udongo ukiwa na tindikali, mizizi inaweza kufyonza madini ya alumini, na ua linakuwa la buluu. Tindikali ikipungua, alumini inafungika na udongo, ua linakuwa la waridi. Tukuyu udongo una tindikali, na huhitaji maabara kujua hilo: tazama mashamba ya chai. Mchai, Camellia sinensis, hausitawi pasipo udongo wa namna hiyo. Kwa hiyo ukiwa Rungwe au Mufindi na unaona chai ng'ambo ya barabara, tegemea haidrenjia ya buluu. Kwangu saruji na chokaa ya ule ukuta vilikuwa vinashuka na kila mvua na kuipunguza tindikali. Watu wananishauri niyeyushe shabu kwenye maji nimwagie, maana shabu ina alumini. Inawezekana, ila karibu na ukuta utakuwa unapigana na saruji kila mwaka. Nimeizoea ya waridi. Mama bado hajakubali.

Kosa jingine la haidrenjia ni kuipogoa kiangazi kwa sababu inaonekana mbaya. Inabeba ua kwenye tawi la mwaka uliopita. Ukilikata Agosti umekata maua ya masika. Ondoa vichwa vilivyokauka tu, mara maua yanapokwisha.

Ya kwetu wenyewe niyataje kwa ufupi, maana yanastahili makala yake. Gladiolus dalenii, ua la machungwa lenye jani kama upanga, linaota lenyewe kwenye nyasi za nyanda zetu, na ni mmoja wa wazazi wa gladioli zinazouzwa kwa bei kwenye maduka ya maua duniani. Ile violeti ya Afrika inayokaa madirishani Ulaya ni ya Tanga. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na mtawala wa Kijerumani wa wilaya hiyo. Tunanunua vya wengine na vyetu vinatupita. Lakini hilo si ruhusa ya kwenda Kitulo na jembe. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na maokidi yake yameshateswa vya kutosha na wachimba vikanda, yale matunguu ya okidi yanayoliwa. Ukitaka gladioli ya kienyeji, omba kwa mwenye shamba ambaye anaing'oa kama gugu. Nimepata zangu hivyo.

Jinsi ya kulipata jina: muulize muuzaji kwanza, baadhi wanajua na hawaulizwi. Akishindwa, piga picha tatu, ya ua kwa mbele, ya jani, na ya mmea mzima, uziweke kwenye programu ya simu inayotambua mimea. Usiridhike na jibu la kwanza. Tafuta jina hilo uone picha nyingine, ulinganishe jani, kwa sababu programu zinadanganywa na rangi ya ua. Kama ni tunguu tupu lisilo na jani, kama yale yangu kumi, liangalie umbo. Lenye magamba yanayopandana ni la lili ya kweli, lipeleke penye tuta. Lililo kipande kinene kama tangawizi au gimbi, hilo ndilo la nyuma ya bafu.

Na uandike. Mimi nakata vibao kwenye makopo matupu ya mtindi, naandika majina yote mawili, mwezi niliopanda, na niliponunua. Tumia penseli. Kalamu ya wino mzito inaonekana nzuri siku ya kwanza, jua la Septemba linaifuta yote, na Novemba unabaki umesimama bustanini na vibao vyeupe ishirini.