Kabla hujafumba macho, sema unakwenda kufanya nini

Juzi dada mmoja wa Morogoro ameniandikia. Tangu mwaka uanze anaamka alfajiri, anashika tasbihi ya Kihindi yenye shanga 108, anasoma mantra, yale maneno matakatifu ya kurudiwarudiwa, mpaka shanga ziishe, kisha anaomba gari, mchumba na mtaji. Hajapata hata kimoja. "Shikamoo kaka. Nakosea wapi? Au hii tantra ni ya Wahindi tu?"

Marahaba dada. Si ya Wahindi tu. Ila umeanzia mwisho: unaomba kabla ya kuweka nia, yaani kusema wazi unakwenda kufanya nini.

Niondoe kwanza la mtaani. Watu wakisikia tantra mawazo yanakwenda kitandani, na wasiowaza kitanda wanawaza uchawi. Niliporudi kutoka India ndugu zangu walisema nilikwenda kusomea uhasibu nikarudi mganga. Shangazi mmoja alikataa chai kwangu. Yamepita, ingawa kikombe kile bado nakiona. Ukweli ni kwamba tantra ni mapokeo mapana ya Wahindu na Wabuddha, yenye maandiko ya Kisanskriti ya zaidi ya miaka elfu moja. Andiko moja mashuhuri, Vijnana Bhairava, lina njia 112 za kutuliza akili: pumzi inapogeuka, sauti inapofifia, nafasi iliyopo kati ya wazo na wazo. Za mume na mke zimo, lakini ni chache mno, na ndizo hizo tu zilizosafiri.

Mimi kuweka nia nilijifunza nyumbani kwa mtu, katika mji wa Pune, India. Mwenye nyumba wangu alikuwa mama wa Kimarathi, na kila sikukuu ya Ganesh, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, kuhani alikuja kuongoza ibada sebuleni. Kabla ya taa wala wimbo, mwenye ibada huchukua maji kidogo kwenye kiganja cha kulia, pamoja na punje za mchele na ua. Kisha hutaja nchi aliyopo, mji, mwaka, mwezi, siku ya mwandamo, jina lake, ukoo wake, tendo analotaka kufanya na sababu ya kulifanya. Akimaliza anamwaga yale maji kwenye sinia. Hiyo ndiyo sankalpa, tamko la nia. Ibada za kitantra nazo hufunguliwa hivyo hivyo, na bila hiyo hakuna kinachohesabika kuwa kimeanza.

Nilikuwa nasimama mlangoni na kichwa changu cha kihasibu, nikaona vocha ya malipo: tarehe, jina, kazi, sababu. Fedha haitoki kwa hamu, inatoka kwa vocha.

Baadaye nikajifunza yoga nidra, zoezi la kupumzika kabisa huku umelala, ambalo Swami Satyananda Saraswati wa Munger, jimbo la Bihar, aliyefariki mwaka 2009, alilipanga kutokana na nyasa, ibada ya kitantra ya kuweka mantra kwenye viungo vya mwili. Unalala chali. Unasema nia yako mara tatu kimoyomoyo. Kisha sauti ya mwalimu inakutembeza mwilini, dole gumba la kulia, kidole cha pili, cha tatu, mpaka mwili wote utulie, na mwishoni unairudia nia mara tatu tena. Iwe sentensi moja fupi, na usiibadilishe mpaka izae. Hapo ndipo vijana wengi wananishinda, kwa sababu Jumatatu wana nia ya biashara ya kuku, Ijumaa wana nia ya kwenda Kanada.

Yangu ilizaa, na nitasema bila kujificha. Nilikuwa ofisi moja Dar es Salaam ambako bosi aliweka jina lake juu ya ripoti niliyoiandika usiku kucha, akapongezwa mbele yangu. Mtu yeyote angelala akiomba bosi yule aanguke. Mimi sentensi yangu ilikuwa: "Jioni, Upanga, nafundisha watu kupumzika." Ina saa, ina mahali, ina kazi, na ndani yake bosi hayumo. Kwa kuwa ilikuwa na mahali, nilianza kuulizia vyumba Upanga. Kwa kuwa ilikuwa na saa, nilikataa kazi za kukaa ofisini mpaka usiku. Leo darasa limejaa. Baadhi ya wenzangu wa ofisi ile wamepiga simu kuomba nafasi, nikawaweka kwenye foleni kwa furaha ambayo si ya kiyogi hata kidogo.

Sasa nisikilizeni. Abhinavagupta, mwalimu mkubwa wa tantra aliyeishi Kashmir kama miaka elfu moja iliyopita, alifundisha nguvu tatu zinazofuatana: utashi, ujuzi, utendaji. Wengi wetu tunakesha kwenye utashi. Dada yangu, unaomba gari, leseni unayo? Unaomba mtaji, wa biashara gani, mtaa gani, unafungua saa ngapi? Mchumba sitaki kuingilia, lakini hata huyo hatakukuta kama huendi popote.

Na msiniulize tena kama ni haramu. Anayeogopa mantra aiache, hakuna aliyemlazimisha. Mwislamu anaijua nia kabla ya swala, na Imam Bukhari alifungua mkusanyo wake kwa hadithi ya nia. Ninachosema ni kwamba tuitoe nia msikitini, kanisani na kwenye mkeka, iende nasi jikoni na kazini. Kabla hujajibu ujumbe wa kundi la ukoo, simama. Sema uko wapi, ni saa ngapi, unataka kufanya nini na kwa ajili ya nani. Nusu ya majibu hutayatuma. Kabla ya kumkanya mtoto, vivyo hivyo. Kabla ya kukopa, mara mbili.

Wabuddha wa Tibet wanaofuata njia ya tantra wana jambo moja zaidi ambalo wengi hulisahau. Wanafungua kwa nia ya kuwafaa viumbe wote, na wakimaliza hawaondoki na thawabu zao mfukoni, wanazigawa kwa viumbe hao hao. Nami nafanya hivyo kila darasa likiisha: nawataja wanafunzi, majirani, mama yule wa Pune, hata shangazi. Bosi wangu wa zamani nimejaribu kumtaja mara kadhaa, ulimi ukagoma. Naendelea na wengine kwanza.