Vifaa vya kusikia vinapokea simu lakini havipokei televisheni
Umeuliza kwa nini vifaa vya kusikia vya mama yako hupokea sauti ya simu bila waya, ilhali televisheni haivioni kabisa ingawa nayo ina Bluetooth. Vifaa vingi vya namna hiyo hutumia Bluetooth ya nishati ndogo ili betri yake isiishe upesi, wakati televisheni nyingi hutuma sauti kwa Bluetooth ya kawaida. Ningekushauri utafute kisambaza sauti cha kampuni ileile iliyovitengeneza, ambacho huchomekwa kwenye tundu la sauti nyuma ya televisheni na kurusha sauti hadi kwenye vifaa hivyo. Mkibadilisha televisheni, ulizieni LE Audio, mfumo wa kurusha sauti kwa Bluetooth ya nishati ndogo uliotangazwa mwaka 2020, ila hakikisheni kwamba vifaa vya mama navyo vinaukubali.